Bibi anasema Mjerumani, baba mkubwa anasema Mwingereza, sasa niamini nani?

"Habari mtaalamu. Mi ni mdada wa miaka 31, nauza vipuri vya pikipiki hapa Moshi mjini ila kwetu ni Old Moshi. Desemba tulipokusanyika nyumbani bibi mzaa baba (anasema ana miaka 88) alianza kumsimulia mwanangu habari za baba mkwe wake, yaani babu yake baba yangu, kwamba alikamatwa na Wajerumani akabebeshwa mizigo ya vita mpaka kusini huko, akarudi amekonda hadi mama yake mzazi hakumtambua. Sijawahi kusikia hiyo habari maisha yangu yote! Tangu siku hiyo nimekuwa kama nimepagawa, nataka kujua kila kitu. Shida ni kwamba baba mkubwa anasema bibi anachanganya, mzee aliwabebea Waingereza. Shangazi naye anasema ukoo wetu asili yake Ukambani. Nilienda kanisani wakaniambia nilete mwaka wa kuzaliwa, sina. Kuna mambo mengine bibi akiulizwa ananyamaza kabisa. Na nimeona mtandaoni kuna vipimo vya DNA, je nichange hela nipime? Nianzie wapi na nimwamini nani?"

Dada yangu, asante kwa swali zuri na lenye maelezo ya kutosha, maana wengi wananiuliza "nataka kujua historia ya ukoo wangu" halafu basi, hakuna cha kushika. Wewe una mtu, una kisa, una ubishi ndani ya familia, na una bibi ambaye bado anaongea. Nikikusoma vizuri hofu yako ni mbili: kwamba unaweza kuamini kitu cha uongo, na kwamba bibi anaweza kuondoka kabla hujamaliza kuuliza. Hiyo ya pili ndiyo ya haraka. Vitabu vya kanisa vitakuwepo mwakani, na nyaraka za Dar es Salaam zitakuwepo mwakani. Kwa hiyo ukiwa na Jumamosi moja tu ya kupoteza usiende ofisini kwa mtu, panda gari uende kwa bibi.

Na hiyo hali ya kupagawa usiione aibu. Watu wengi wanaoanza kufuatilia ukoo wao hawaanzi kwa karatasi, wanaanza pale mzee anaposema sentensi moja yenye mtu ndani yake, kama hiyo ya mama asiyemtambua mwanae. Jina "mzee wetu" ulikuwa nalo siku zote lakini halikuwa na mwili, sasa limepata mwili limekonda na lina njaa, lazima likusumbue. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao, mambo kama wazazi walikutana wapi, babu alikulia wapi, wakaona wanaojua zaidi kwa ujumla walikuwa wanajiamini zaidi. Haimaanishi hadithi zenyewe ndizo zinazowajenga, inawezekana ni vile familia zinazokaa na kuongea huwa zina mengine mazuri pia, ila kwa mwanao aliyekaa miguuni kwa bibi akisikiliza, sioni hasara.

Sasa tuje kwenye kuamini. Hapa wengi wanakosea kwa namna mbili. Wapo wanaosema mzee hawezi kusahau, alichosema ni hicho hicho. Na wapo kama baba mkubwa (namheshimu sana) wanaosema mzee akikosea kitu kimoja basi yote ni kuchanganya. Kumbukumbu ya binadamu haifanyi kazi hivyo. Kila tunapokumbuka jambo tunalijenga upya kutoka vipande, na vipande vingine tunajazia bila hata kujua, ndiyo maana tarehe na mpangilio wa nini kilitangulia vinapotea mapema wakati picha, harufu na kiini cha kisa mara nyingi vinabaki. Tena wataalamu wa kumbukumbu wameona kwa miaka mingi kwamba mtu mzima akiombwa asimulie maisha yake, yanayomjia kwa wingi ni ya kuanzia miaka kama 10 hadi 30. Ya ujana ndiyo yanayokaa.

Angalia hiyo inamaanisha nini kwa bibi yako. Kama ana miaka 88, ameolewa pengine miaka ya 50, ana miaka 18 au 20, kaingia kwenye kihamba (shamba la nyumbani la ukoo) cha watu, macho yamemtoka, anajifunza kila mtu wa pale. Mzee kama alikuwa kijana wa miaka 18 hivi mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, basi wakati bibi anaolewa alikuwa anakaribia 60, mtu mwenye nguvu zake na mdomo wake. Yaani inawezekana kabisa bibi hakusimuliwa na mtu aliyesimuliwa, alisikia kwa mhusika mwenyewe, tena katika umri ambao kumbukumbu zake ndizo zinazomjia mtu kwa wingi. Baba mkubwa alikuwa hajazaliwa au alikuwa mtoto. Hivyo swali langu la kwanza kwa kila kisa, na nakuomba ulishike hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa, ni: hili uliambiwa na nani, mkiwa wapi? Muulize bibi, muulize baba mkubwa, muulize shangazi. Ukishajua habari ilipita kwenye midomo mingapi utajua uzito wake kabla hata hujafungua kitabu chochote.

Na kwa ubishi wenu, mi naona wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Vita vilipoanza Agosti 1914 Moshi ilikuwa ngome ya Wajerumani, reli ya kutoka Tanga ilishafika tangu 1911, mpaka na Kenya uko hapo Taveta, na jeshi lilihitaji watu wa kubeba risasi, chakula na mizigo ya maofisa. Machi 1916 Waingereza wakaingia Moshi. Wajerumani wakarudi nyuma kufuata reli kushuka Upare, wakaenda Morogoro, Rufiji, mwisho wakavuka kuingia Msumbiji mwaka 1917, na Waingereza wakawa wanawafukuza nyuma yao. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi maana barabara hakuna na wanyama wa mizigo walikuwa wanakufa kwa ndorobo. Kijana wa Old Moshi angeweza kabisa kuanza na mzigo wa Mjerumani mwaka 1914 na kumaliza na mzigo wa Mwingereza mwaka 1917, na kwake yeye mgongo ni ule ule. Akiwa mzee anasimulia siku moja hivi, siku nyingine vile, kutegemea nani kauliza. Bibi akabeba nusu moja, baba mkubwa akabeba nusu nyingine. Mimi siwezi kukuthibitishia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wenu, ila kabla ya kumtangaza mtu muongo ujue hiyo njia ipo.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kwa makini sana hapa Uchaggani, nacho ni majina. Si unajua kwa familia nyingi mtoto wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Maana yake jina moja linarudi kila baada ya kizazi. Miaka ikipita watu wawili wenye jina moja wanaunganishwa na kuwa mtu mmoja mwenye maisha marefu ajabu, alipigana na Mjerumani, akapanda kahawa, akaenda Burma na jeshi la Mwingereza vita ya pili! Ukikutana na mzee wa namna hiyo kwenye simulizi zenu simama hapo, muulize bibi "yupi, yule wa mke yupi, aliyezikwa upande gani wa kihamba?" Makaburi yapo hapo hapo nyumbani, masale (ule mmea wetu wa heshima) yamepandwa, nenda naye taratibu mkiwa mmeshikana mkono akuonyeshe moja moja. Wazee wengi wakikaa kwenye kochi wanakupa hadithi ileile wanayoisimulia kila mwaka, wakitembea shambani wanaanza kutoa mapya, huu mgomba palikuwa na nyumba ya nani, huu mfereji ulichimbwa na ukoo gani, hapa ndipo tulipoficha ng'ombe.

Habari ya shangazi ya Ukambani iweke fungu lake peke yake. Koo nyingi za Kilimanjaro zina simulizi za kutoka mahali pengine, Ukambani, Taita, Usambara, Upare, wengine Umasaini, na kwa ujumla ni kweli mlima huu ulijazwa na watu wa kutoka pande mbalimbali kwa karne nyingi. Lakini simulizi ya asili ya ukoo sio ushahidi wa mtu aliyeona, imepita midomo mingi mno, na mara nyingine ilisimuliwa ili kueleza kwa nini ukoo fulani ni ndugu wa ukoo fulani au una haki ya sehemu fulani. Iandike kama ilivyo, andika shangazi aliisikia kwa nani, usiipinge na usiitumie kama msingi wa kujengea mengine. Ukitaka kuona kazi hii inavyofanywa na msomi wa kwetu, Profesa Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika historia ya Wapare miaka ya 60 kwa kukaa na wazee wa koo, akilinganisha simulizi ya ukoo huu na wa jirani. Pale zinapokutana bila wenyewe kuambizana, hapo kuna kitu.

Namna ya kuuliza sasa. Usimuulize bibi "mwaka gani", utamtia unyonge bure, atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize kwa matukio. Mangi (mtawala wa eneo) alikuwa nani wakati huo? Wazazi wako walikuwa wameshaanza kuuza kahawa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro (hiyo ilianza 1933), au bado? Ni kabla ya Uhuru au baada? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Kwa mambo ya wakubwa zake muulize kama mzee alikuwa anasema alimuona Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo Old Moshi Machi 1900, au alisimuliwa tu, maana jibu hilo peke yake linakupa umri wake kwa kukadiria. Ongea naye Kimochi, yaani Kichagga cha Old Moshi, kama unakijua hata kidogo, na kama hukijui nenda na binamu anayekijua, kwa sababu mambo aliyoyaishi kwa Kichagga anayakumbuka kwa Kichagga, akilazimishwa Kiswahili anafupisha. Nusu saa inatosha, akianza kujibu "ndiyo, ndiyo" ameshachoka, wekeni chai.

Rekodi kwa simu, muombe ruhusa kwanza, zima data na zima TV, weka simu karibu na kifua chake sio mezani kwa mbali, na mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali na jina la anayeongea. Halafu faili usiliache kwenye simu moja wala usitegemee WhatsApp tu, simu inaibiwa au inaingia maji. Mtumie ndugu wawili, weka na kwenye flashi. Ukisikiliza tena usiku andika na zile sehemu alizocheka au kunyamaza.

Kuhusu kunyamaza. Kuna ya aina nyingi. Kuna aliyesahau, kuna aliyechoka, kuna mwenye siri ya mtu mwingine ambaye watoto wake wako hai, na kuna maumivu. Hauna haki ya kuvunja mlango huo hata kama ni bibi yako. Mwambie "bibi hili ukitaka siku nyingine utaniambia, na usipotaka ni sawa," halafu hamia kitu kingine, wengi wanarudi wenyewe baada ya siku kadhaa wakiwa jikoni na wewe peke yenu.

Ila kuna sababu moja ambayo najua hukuifikiria na nakuambia kwa upendo: kihamba. Mjukuu wa kike anayezunguka na simu akiuliza mpaka ulikuwa wapi, nani alizaliwa na mke gani, mzee alimgawia nani nini, kuna wajomba na baba wadogo watasikia kitu kimoja tu, anatafuta shamba. Nimeona familia zinaacha kusalimiana kwa jambo hili. Kwa hiyo kabla hujaenda mbali nenda kwa baba mkubwa, mwamkie vizuri, mweleze unachofanya, mwombe na yeye akusimulie upande wake na umrekodi kwa heshima ileile. Atakuwa mlinzi wako badala ya mpinzani. Na kama tayari kuna mgogoro wa ardhi unaoendelea, au kesi imeshafunguliwa, simamisha maswali yote ya mipaka na mirathi mpaka umeongea na wakili ana kwa ana, usimtumie bibi kama shahidi bila yeye kujua.

Kanisani rudi, safari hii usiende na mwaka mmoja, nenda na kipindi. Anza na walio karibu: cheti cha ubatizo cha baba, cha babu, cha ndugu zake babu, maana kila kimoja kinataja wazazi na kinakusogeza nyuma hatua moja. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893 na Old Moshi miaka michache baadaye, kwa hiyo mzee anaweza kuwa kwenye kitabu, ila pengine alibatizwa akiwa mtu mzima na kupewa jina jipya, tafuta kwa jina la Kichagga pia. Usishangae ukikuta ndugu wa baba mmoja wana majina tofauti ya mwisho, mmoja aliandikisha ukoo shuleni, mwingine jina la baba. Usishangae pia ukikuta vitabu vimekatika, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa mwaka 1920 wakarudi katikati ya miaka ya 20, na kati hapo kazi ilishikwa na walimu wa hapa hapa. Kama upande wa bibi kuna Wakatoliki, Kibosho au Kilema, mwombe katibu wa parokia aangalie pembeni mwa jina kwenye kitabu cha ubatizo, huwa wanaandika hapo ndoa ilifungwa lini na wapi, mstari mmoja huo unaweza kukupa kijiji ambacho hakuna anayekikumbuka. Kitambulisho cha NIDA kwa wazee usikitegemee kwa tarehe, wengi walikadiriwa.

Kwa vita yenyewe nikuandae mapema ili usikate tamaa: wapagazi wengi hawakuandikwa majina. Hata tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba zaidi ya watu laki moja, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina na pengine hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukimtafuta mzee usimpate hiyo sio dalili kwamba bibi amekosea. Simulizi yake inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya mtu huyo. Kitu kitakachokusaidia zaidi ni picha: Chuo Kikuu cha Southern California wameweka mtandaoni picha za zamani za misheni, zikiwemo za Leipzig kutoka Uchaggani, kuziangalia ni bure. Mwonyeshe bibi kwenye simu, sio kwa kutegemea mtamuona mzee, ila ile nyumba ya nyasi, ile ngozi, ule mfereji, utaona anavyoanza kuongea. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, wana majalada ya Mjerumani na vitabu vya wilaya vya Mwingereza, ila hiyo iwe baadaye, na ya Kijerumani utahitaji mtu anayesoma mwandiko wa zamani, hapo tafuta mwanahistoria wa chuo umuone uso kwa uso.

DNA, kwa sasa hapana. Vile vipimo vinalinganisha mate yako na sampuli walizonazo, na sampuli za watu wa huku kwetu ni chache, watakuambia wewe ni Mbantu wa Afrika Mashariki jambo ambalo unalijua bure. Mkamba na Mchagga ni majirani wa miaka mingi, kipimo hakitawaamulia ubishi wa shangazi. Kinachoweza kufanya vizuri ni kukuonyesha ndugu wa karibu waliopima, na hapo ndipo kunaweza kutoka habari ambayo familia haijajiandaa nayo, kwamba fulani sio baba wa fulani, na ukishajua huwezi kuacha kujua. Nchini mambo ya vinasaba yana sheria yake ya mwaka 2009 na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, uliza huko kabla ya kutuma chochote nje.

Jambo la afya nalo. Kuchanganya Mjerumani na Mwingereza sio ugonjwa. Lakini kama bibi anauliza swali lilelile mara kadhaa ndani ya saa moja, anapotea njia anayoijua, anasahau kama amekula au anawaita watoto kwa majina ya waliokufa na hili limeanza karibuni, msiseme ni uzee, mpelekeni kwa daktari, hospitali ya KCMC mnayo hapo. Mara nyingine ni kitu kinachotibika. Na kama simulizi fulani inamfanya alie, asilale au akatae kula, acha kurekodi, kaa naye, na mchungaji au mtu anayemwamini aje nyumbani.

Mwisho wa mwaka mkikutana usije na mti mkubwa wa ukoo uliopambwa. Chapa karatasi moja tu, majina unayoyajua, kila kisa na jina la aliyekisimulia, na nafasi wazi pale usipojua. Toa kopi, gawa na kalamu baada ya chakula, muweke bibi mbele na baba mkubwa pembeni yake. Watu wetu ukiwauliza maswali wanasema hawajui, ila wakiona umeandika kitu kimekosewa kila mmoja atakusahihisha, na hapo simu yako iwe inarekodi tayari.